Mashine Iliyokataa Kuzimika

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, jua liko utosini, adhana imekwisha, na mtaa wetu mzima wa Kibokoni, hapa Mombasa, hauna mtu njiani. Wanaume wote wako msikitini, milango imerudishwa. Mimi nimesimama ndani ya chumba cha mashine na bomba la mafuta ya taa mkononi. Nimelifungua mwenyewe kwa spana, ni kavu, halidondoshi hata tone. Na mashine, ambayo sasa haina cha kunywa, inazidi kwenda mbio.

Kaa vizuri. Kama una haraka, nenda kwanza ukaimalize haraka yako kisha urudi, maana mimi sihadithii mtu aliyesimama.

Wakati ule nilikuwa kijana wa kuoa, nimeshaposa, na mahari inanisubiri. Nilifanya kazi kwenye kinu cha kukamua mafuta ya simsim, kwa tajiri mmoja mwenye sauti ndogo na hasira kubwa. Kabla ya mashine, kinu kile kilizungushwa na ngamia jike aitwaye Mabruka. Alifungwa kitambaa machoni, akazunguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mimi ndiye niliyemlisha. Siku ya kazi nyingi nilimwongezea mashudu, yale makapi ya simsim yanayobaki baada ya kukamuliwa, naye akatembea bila ugomvi. Ukimpunja alilala chini katikati ya kazi, na hapo hainuki hata umwimbie kasida. Basi mimi nilikua nikijua jambo moja tu kuhusu kazi: anayekutumikia sana mlishe sana.

Tajiri akamuuza Mabruka, akaagiza mashine kutoka Ulaya. Ilishushwa bandarini Kilindini ikaletwa mtaani kwa rukwama, watu wakitoka majumbani kuitazama. Ilikuwa na gurudumu la chuma lililonipita kimo. Kichwa chake kilipashwa moto kwa taa ya kupuliza mpaka kikawa chekundu, kisha ukalisukuma gurudumu, nayo ikakohoa, ikashika. Aliyeifunga na kunifundisha ni Fundi Athmani, mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya mashine vya meli hata sikio lake moja likaziba.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinionyesha vikombe vya kioo vilivyokaa juu, vyenye mafuta mazito ya kulainishia vyuma, vikidondosha tone kwa tone. Akanionyesha tundu pana ubavuni, lenye wavu mdomoni, ambamo mashine ilivuta hewa. Hewa ile ilipita kwanza tumboni mwa mashine, ndipo ikaenda kwenye moto.

"Ndoo utazame," akaniambia, akiniita kwa mkono. "Tone moja kwa pumzi yako moja. Si zaidi. Na jioni ukishaizima, fungua hapa chini, uyatoe mafuta yaliyojikusanya tumboni. Yasilale humo. Waskia?"

Nikasema nasikia. Na nilisikia kweli, sikudanganyi. Alikaa nasi wiki mbili, kisha akapanda gari la moshi kwenda bara kufunga mashine nyingine.

Sikukuu ikakaribia. Watu wakataka mafuta ya kupikia, mashine ikawa inafanya kazi tangu kunapopambazuka. Nilipoigusa niliona inaunguza mkono, nikaionea huruma. Usicheke. Niliionea huruma kama nilivyomwonea Mabruka. Nikavilegeza vile vikombe, matone yakawa mawili kwa pumzi, kisha matatu, kisha yakawa uzi mwembamba usiokatika. Jioni sikufungua chini. Nilijiambia yale ya tumboni ni akiba yake, kama nundu ya ngamia, na mtu mwenye akili hamwagi akiba.

Siku ya kwanza ya ajabu ilikuwa Jumatatu. Nilifunga bomba la mafuta ya taa ili izimike, kama desturi. Kwa kawaida ilizunguka mara chache, ikachoka, ikasimama. Siku hiyo haikuchoka. Nilisoma Alhamdu mpaka mwisho, taratibu, ndipo ikasimama. Nikacheka peke yangu, nikaona imenenepa.

Jumanne ikaenda muda wa Alhamdu tatu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nyembamba zaidi, kama mtu anayeimba kwa pua. Moshi wake ukawa wa buluu na harufu yake tamu kidogo, ya kitu kilichoungua polepole. Paka waliokuwa wakilala juu ya magunia walihama siku hiyo hiyo, wala sikuwaona tena. Lakini sikugusa vikombe. Ningevigusa ningekuwa nimekiri kwamba nilikosea, na nani anapenda kukiri, hata mbele ya chuma?

Sasa nikutajie Bi Rukia. Alikuwa mjane, nyumba yake na kinu chetu ukuta ni mmoja. Kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya nyumba yake, na nusu ya mtaa ule ilikuzwa na mahamri yake, mimi nikiwemo. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi wa kuongeza hamri moja juu ya uliyonunua. Mashine ilipokuja, chokaa ya ukutani kwake ilianza kuanguka kwenye sufuria ya mbaazi. Alinung'unika, nasi tulimzoea.

Jumatano alikuja mpaka mlangoni petu. Mashine ilikuwa inakwenda, na wateja watano au sita wamesimama na vibuyu vyao. Alipopita ubavuni mwa mashine, upindo wa leso yake ukainuka, ukavutwa, ukanata kwenye lile tundu la hewa. Bi Rukia akautazama. Akaushika, akaurudisha pole pole, hana wasiwasi. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kitu chenu hiki mwakizima, nacho chapumua. Mimi nakisikia huko ukutani kwangu. Mwaondoka mwafunga mlango mwaenda zenu, nacho chapumua. Siku moja mtakizima kikatae."

Alisema hayo tu akaenda zake. Lakini nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Audhubillahi." Na mwingine akauliza, kwa sauti ya chini, "Amejuaje?"

Maneno, mwanangu, hayakuchukua hata siku kufika mtaa wa Kuze. Ikasemwa mashine ina jini. Halafu ikasemwa jini huyo ametiwa, na aliyemtia amekuja mwenyewe kutangaza. Jioni tajiri akaniita.

"Umeitilia mafuta kama ulivyofundishwa?"

"Naam."

"Na ya chini wayatoa?"

"Kila siku."

Ndivyo nilivyojibu, bila hata kumeza mate. Nilikuwa na harusi mbele yangu, na kazi ile ndiyo iliyonifanya mkwe wangu anikubali.

Alhamisi tajiri akamleta mzee mmoja mwenye chetezo. Tukaacha mashine ikienda, yule mzee akasoma na kuufukiza ubani chumbani. Sasa nisikilize vizuri, maana hili niliona kwa macho yangu. Moshi wa ubani haukupanda juu. Ulipinda. Ulikwenda pembeni kama ulioitwa, ukanyooka mpaka kwenye lile tundu, ukaingia wote, na kadiri yule mzee alivyofukiza ndivyo mashine ilivyoumeza. Mzee alinyamaza katikati ya aya. Alichukua chetezo chake akatoka, na viatu vyake alivisahau mlangoni.

Mimi nilijua ni kwa nini moshi uliingia. Fundi Athmani alikwishanionyesha tundu lile na kazi yake. Hata hivyo niliogopa pamoja na wasiojua, na huo ndio ubaya wa uongo. Ulinitoa kwenye lile nililolijua, nikawa mjinga kama wenzangu.

Basi ikafika Ijumaa. Tajiri alitaka pipa la mwisho lijazwe kabla ya sala, nikabaki peke yangu. Adhana ilikwisha kitambo, sala ishaanza, ndipo nikafunga bomba. Mashine ikanywea kidogo, kama inayofikiri, kisha ikaanza kupanda. Nilikaza bomba zaidi. Ikapanda. Sauti ikawa nyembamba, ikawa kali, meno yakaniuma. Mkanda uliounganisha gurudumu na kinu ukachomoka, ukapiga ukuta, ukaanguka, na mashine ilipoachiwa mzigo wake ikakimbia kwelikweli. Miti ya gurudumu, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni, sikuiona tena, niliona duara la kijivu tu. Ndipo nikachukua spana nikaling'oa bomba lenyewe, nikabaki nalo mkononi, kavu, na mashine iko pale pale inakwenda, hainywi kwangu wala hainihitaji.

Wakati ule niliamini. Mafuta niliyoyamimina kwa mkono wangu niliyasahau, na tumbo lililojaa nililisahau. Niliona kiumbe. Nilianza Ayatul Kursiyyu ikanipotea mara tatu, nami naijua tangu utoto, chuo cha Kurani. Sakafu ilitetemeka, vikombe vya kioo vikapasuka kimoja kimoja. Nikarudi nyuma mpaka kwenye magunia ya simsim, nikajikunyata huko, na bomba langu nimelikumbatia. Gurudumu lile lingepasuka lisingeniacha mzima, wala ukuta wa jirani.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bi Rukia na gunia bichi, maji yanachuruzika. Hakunisalimu. Alilikunja gunia mara mbili, akapita pembeni mbali na gurudumu, akalisukuma kwenye lile tundu la hewa.

"Ndoo ushike huku, we!" akapiga kelele kuniita.

Sikuinuka. Nakuambia mbele ya Mungu, mwanangu, sikuinuka. Alilikandamiza peke yake kwa mikono miwili na goti, mwanamke mzee yule, na mashine inalivuta gunia kama inayomnyang'anya. Kisha sauti ikakwama. Ikakohoa moshi mweusi. Gurudumu likaanza kuonekana miti yake, likalegea, likasimama, halafu likarudi nyuma nusu duru na kutulia.

Nilisikia maji ya gunia yakidondoka sakafuni.

Bi Rukia akakaa chini. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa moto. "Chavuta pumzi," akasema. "Nimekiziba pua, basi. Hata jiko langu hufa ivyo. Nipa maji."

Kabla sijampa maji watu wakatoka msikitini. Walikuwa wameisikia mashine tangu rakaa ya pili, wakaja mbio, wakajaa mlangoni na njiani. Bi Rukia alikwishasimama, anatoka. Tajiri akanitazama mimi.

"Nani ameizima?"

"Bi Rukia."

"Ameizima vipi?"

Nilikuwa na maneno yote tayari. Ningesema, kwa gunia bichi. Ningesema, mimi nilijaza mafuta nikajificha, na huyu mama ameniokoa. Nikawaona vijana wenzangu wameniangalia, na shemeji yangu mtarajiwa yumo. Nikasema:

"Sijui. Aliingia, ikanyamaza."

Watu wakamfungulia njia. Hakuna aliyemgusa. Walijibana ukutani huku na huku ili nguo yake isiwapitie, naye alisimama katikati yao akageuka kunitazama. Hakukasirika. Alikuwa akingoja nimalize maneno yangu. Alingoja muda, mimi nikatazama sakafu, basi akaenda kwake akarudisha mlango.

Jumamosi asubuhi alitandika mahamri yake kama kawaida. Hakuna aliyenunua. Jumapili alipika kidogo, na jioni nikamwona akiwatupia kunguru. Jumatatu hakuwasha jiko. Wazazi waliwavuta watoto wao upande wa pili wa njia, wale wale waliokuwa wakiwatuma na bakuli. Mimi niliyaona yote, ukuta ulikuwa mmoja, na kila siku nilisema nitasema kesho.

Alhamisi Fundi Athmani akarudi kutoka bara. Tajiri alikuwa amemwandikia. Aliingia chumbani, akanusa, akapitisha kidole ndani ya lile tundu la hewa, kikatoka kimelowa mafuta. Aliweka ndoo chini ya mashine akafungua pale pa kutolea. Mafuta yakatoka meusi, mazito, hayana mwisho. Ndoo ikajaa, akaleta ya pili.

"Jini wako huyu," akasema. "Ni ndoo mbili. Uliinywesha, ukainywesha, hewa ikipita tumboni yayabeba mafuta yapeleka motoni. Ulipoinyima mafuta ya taa ikawa yala haya. Ingekula mpaka iyamalize, au ivunjike."

Nikasema nilidhani nailinda. Nikamweleza habari ya Mabruka. Alinisikiliza kwa lile sikio lake zima, kisha akaniambia maneno ambayo sijapata kuyasahau:

"Kumimina mafuta si dhambi, ni ujinga, na ujinga nimekuja kuutoa. Lakini nimepita hapo nje nikitaka mbaazi, nikaambiwa mwenyewe ni mchawi. Nani aliyewaambia ivyo?"

"Mimi sikusema mchawi."

"Ulisema nini?"

Nikamwambia. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hakunitazama. "Wewe kijana umemzika mtu yu hai," akasema. "Toka. Usinirudie hapa kabla hujamwendea."

Nilimkuta Bi Rukia anafunga mikeka yake kwa kamba. Mpwa wake wa Malindi alikuwa anakuja kumchukua. Nilianguka mbele yake nikalia kama mtoto, nikasema yote, mafuta, uongo, na lile neno langu, 'sijui'. Alikuwa amefunga viganja kwa kitambaa cheupe, na kwa viganja hivyo akaniinua.

"Nimekusamehe," akasema. "Siondoki na kitu chako moyoni. Lakini hao wa nje hawakunisikia mimi nikikusamehe, walikusikia wewe. Nenda ukawambie."

Baada ya alasiri nilisimama mbele ya msikiti nikasema. Nilizionyesha zile ndoo mbili. Nilikiri kwamba nilijificha nyuma ya magunia. Watu walicheka, wakanitania, posa yangu ikavunjika kabla ya magharibi, na nilidhani nimelipa. Kisha mzee mmoja wa heshima akatikisa kichwa, akasema, "Mafuta tumeyaona. Lakini mbona ilimsikia yeye?" Na nikawaona wengine wanaitikia. Walilitaka lile neno langu la kwanza. Lilikuwa tamu zaidi, na mimi ndiye niliyewaonjesha.

Bi Rukia aliondoka kesho yake. Alikufa Malindi, na wa mtaa wetu waliokwenda kumzika ni wawili, mimi na Fundi Athmani. Tangu hapo kila nilipokaa na watu nimeirudia habari hii, barazani, harusini, matangani, mpaka wakawa wakiniona wanasema huyo anakuja na ndoo zake. Na hata leo, nikiupita ule ukuta Ijumaa saa ya sala, njia ikiwa tupu, masikio yangu yaanza kuvuma, kwa mbali, kisha karibu. Naapa sijui kama ni uzee.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Jana alasiri nilikuwa dirishani. Mdogo wako alikaa kwenye baraza ile ya mahamri kufunga kiatu, nawe ukamvuta mkono ukamwambia, "Toka hapo, palikuwa pa mwanamke aliyekuwa akiamrisha mashine." Wewe, mjukuu wangu. Mwanamke huyo hukumwona, mashine hukuiona, babako alikuwa hajazaliwa. Lakini neno langu limekufikia, halijapungua hata kidogo, na kukiri kwangu kwa miaka yote hii hakukufika.

Basi shika haya. Chochote utakachokabidhiwa kukitunza, kiwe chuma, mnyama au mke, uliza kwanza kinahitaji kiasi gani, wala usikipimie kwa huruma yako. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na ukiulizwa unalolijua mbele ya watu, na heshima ya mtu iko mdomoni mwako, usiseme hujui. Aibu ningeimaliza kwa siku moja. Lile neno sijalimaliza mpaka leo.

Mungu akukuze, akupe kazi ya mikono yako na ulimi usioogopa watu. Akusitiri na makosa, na ukikosea akupe ushujaa wa kukiri mapema. Amrehemu Bi Rukia, amlaze pema. Haya, mwite mdogo wako, mnishike mkono huku na huku. Tunakwenda kukaa kwenye baraza ile, sote watatu, mpaka watu watuone.